Miezi Saba ya Tovuti ya Mama

Dada yangu aliondoka nyumbani kwetu Biryogo, Nyamirambo, hapa Kigali, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Yeye alikuwa na ishirini na tatu. Alimpenda kijana Mkristo, Mnyarwanda aliyekulia Uganda, fundi wa friji aliyekuja siku moja kutengeneza friji ya dukani kwa Baba, kisha akarudi mara nne wakati friji haina tatizo lolote. Baba alipoambiwa kwamba wanataka kuoana alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, akamwambia dada mbele yetu sote: "Ukitoka na huyo, usiujue tena mlango huu."

Baba hakuwa mtu mkali, na ndiyo maana neno lile lilikaa. Mtu mkali hutisha kila siku, watu wakamzoea. Yeye alisema mara moja tu katika maisha yake.

Dada akabeba begi moja akatoka. Mama alikuwa kwenye cherehani, anashona. Hakuinua uso. Mimi nilimchukia Mama kwa kutoinua uso wake muda mrefu kuliko nilivyomchukia Baba kwa neno lake, na sikuwahi kumwambia.

Tulisikia wako Kampala. Halafu tukasikia wamehama, na hapo habari zikakatika. Mama alikuwa akiwauliza wasafiri kwa siri, wafanyabiashara wa vitambaa waliokwenda na kurudi, lakini mji mmoja ukishamtoa mtu, kumpata katika mji mwingine si rahisi. Miaka ikaenda. Nikasoma kompyuta, nikaolewa, nikaajiriwa kwenye ofisi ndogo ya watengenezaji wa tovuti huko Kimihurura, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani.

Watu hudhani kazi yetu ni kupamba. Kupamba kupo, lakini mteja mwenye ghala Masoro anachotaka ni kwamba mtu akiandika kwenye simu yake "ghala la kukodi Kigali", atokee yeye. Kwa hiyo tunajenga kurasa ambazo injini za kutafutia zinaweza kuzisoma. Injini haina macho kama yetu, haijali rangi wala picha nzuri. Inatuma programu yake ipite ukurasa baada ya ukurasa, isome maandishi, ifuate viungo, kisha iandike kwenye orodha yake kwamba ukurasa huu unahusu jambo fulani. Ukurasa usiokuwa kwenye orodha hiyo, kwa mtu anayetafuta, haupo duniani. Nilikuwa nikiwaambia wateja maneno hayo huku natabasamu, na wao wanatikisa vichwa na kukubali kila nitakachopendekeza.

Ofisini nilijulikana kwa ukaguzi. Mimi ndiye niliyeandika karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye mambo ya kuhakikisha kabla tovuti haijafunguliwa kwa watu: kila ukurasa uwe na kichwa chake, maneno muhimu yawe maandishi wala si picha, kila picha iwe na maelezo, kurasa zifunguke haraka hata kwenye simu ya bei rahisi. Hakuna tovuti ya mteja iliyotoka bila kupita kwenye karatasi ile.

Baba alipofariki, nyumba ya Biryogo iliuzwa ili warithi wagawane. Aliyeinunua aliibomoa ajenge ghorofa. Mama akaja kuishi kwangu Gahanga, na cherehani yake tukaiweka chumba cha mbele. Wiki ya kwanza alisimama mlangoni akitazama maharage ya jirani na nyumba mpya zisizopakwa rangi.

"Huku nani anavaa kanzu?" akaniuliza.

Wateja wake wote walikuwa Nyamirambo, na Nyamirambo kuna mafundi wengi. Waliokuwa wakimfuata yeye walimfuata kwa sababu ya tarizi ya shingoni, mshono aliofundishwa na bibi yake, ambaye baba yake alikuja huku kutoka pwani na biashara ya nguo. Nyuzi tatu zinatoka mahali pamoja kwenda mbele na mmoja unarudi nyuma, safu baada ya safu, hadi chini ya kifungo cha mwisho. Nyumbani kwetu mshono huo uliitwa mguu wa kware. Sijawahi kusikia mtu wa nje ya familia yetu akiuita hivyo. Mama aliujua, dada alifundishwa akaujua kuliko Mama, na mimi nilishindwa.

"Nitakujengea tovuti," nikamwambia siku moja. "Mtu akitafuta kanzu Kigali, akuone wewe."

"Mtu yeyote?"

"Yeyote, popote alipo."

Alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano. Akausimamisha uzi hewani. "Hata aliye nje ya nchi?"

"Hata huyo, Mama."

Akapitisha uzi, akafunga fundo, akashona kidogo. Kisha akasema bila kunitazama: "Basi andika mguu wa kware. Andika kubwa. Jina hilo hakuna anayelijua ila sisi na yeye."

Ilikuwa mara ya kwanza, tangu siku ya begi, Mama kumtaja dada bila mimi kuanza. Nilitoka nje nikajifanya naenda kuanua nguo.

Kwa utaalamu wangu, Mama alikuwa amesema jambo la akili kuliko wateja wangu wengi. Neno adimu ni mali. Ukiandika "kanzu" unashindana na maduka ya dunia nzima. Ukiandika neno ambalo hakuna mwingine aliyeliandika, injini haina pengine pa kumpeleka anayelitafuta.

Niliijenga Jumamosi kwa Jumamosi. Mama alichukua kitambaa cheusi, akaandika juu yake kwa chaki ya fundi, kwa mwandiko wake wenye mikia mirefu: Mguu wa kware. Nilipiga picha kitambaa kile na mkono wake ukiwa pembeni, nikaiweka juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Ilipendeza hata nikaogopa kuiharibu kwa kuongeza maandishi mengine karibu yake. Nilijua vizuri kwamba injini haitategemea mwandiko wa chaki ndani ya picha. Nikajiambia nitayaandika maneno hayo chini, kwa maandishi ya kawaida, nikipata nafasi.

Lipo jambo jingine, na hili lazima nilieleze taratibu. Tovuti ikiwa bado inajengwa, huwa tunaweka mstari mmoja kwenye kila ukurasa, mahali ambapo msomaji haoni, unaoiambia injini: usiuweke ukurasa huu kwenye orodha yako. Tunafanya hivyo ili watu wasije wakaangukia kazi ambayo haijakamilika. Siku ya kufungua, mstari unaondolewa. Kwenye karatasi ile ya ukutani, hilo ndilo jambo la kwanza.

Mama alitaka tovuti iwe tayari kabla ya Idd ili apate oda. Siku tatu kabla ya Idd niliifungua, saa ya chakula cha mchana, nikiwa ofisini, mkono mmoja una chapati. Nikatuma kiungo kwa ndugu na kwa wateja wa zamani. Karatasi ya ukaguzi ilikuwa ukutani mbele yangu, karibu kiasi cha kuigusa. Sikuitazama. Ile ilikuwa ya wateja, na hii ilikuwa ya Mama.

Oda zilikuja. Watu walitumiana kiungo, mwenye harusi Rwamagana akaagiza kanzu sita, msikiti mmoja ukaagiza za wanafunzi. Nikaona kazi imefanikiwa. Kila Ijumaa Mama akitoka kuswali alikuwa akiniuliza kama kuna aliyeandika.

"Wameandika watu wa Huye, wanataka mbili."

"Na wa nje?"

"Bado, Mama. Mtandao unachukua muda."

Nilimwambia hivyo kwa miezi saba. Yeye hakuwa na njia ya kujua kama ni kweli.

Mwezi wa saba alikuja mwenzangu mpya ofisini, mama wa watoto wawili aliyetoka kwenye kazi ya benki, nami nikapewa kumwelekeza. Nilikuwa namweleza habari ya maneno adimu. Nikamwambia, subiri nikuonyeshe tovuti ya mama yangu, nikaandika kwenye kompyuta yake: mguu wa kware kanzu. Nilikuwa nimeshageuka kumtazama usoni nione atakavyoshangaa.

Alicheka. "Mama yako anafuga?"

Nikatazama. Ufugaji wa kware. Mayai ya kware na faida zake. Magonjwa ya miguu ya kware. Ukurasa wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo. Nikafungua tovuti ya Mama, nikafungua upande wa ndani ambao msomaji haoni, na mstari ulikuwepo, mzima, mahali nilipouweka mwenyewe.

Nami nilicheka. Ukweli ni huo, nilicheka kwa aibu kama mtu aliyevaa blauzi nje ndani. Niliufuta, haikufika dakika moja. Mchana ule nikafanya na yale mengine niliyoyaahirisha: nikaandika mguu wa kware kwa maandishi kwenye kichwa cha ukurasa, nikaweka maelezo kwenye kila picha, nikaunganisha kurasa vizuri, nikaiarifu injini kwamba ipo tovuti mpya ije isome. Baada ya siku sita niliandika tena maneno yale. Mkono wa Mama na chaki yake ukatokea wa kwanza, juu ya kware wote.

Nilimpigia simu Mama palepale. "Sasa mtu akiandika mguu wa kware, unatokea wewe wa kwanza!"

"Kwani mwanzo?"

"Mwanzo ulikuwa chini kidogo," nikasema.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Nilikuwa nimerudi kutoka kuchimba mtaro na majirani, nasafisha matope kwenye buti uani, nikasikia simu ya Mama inalia. Mikono yake ilikuwa na kitambaa, akabonyeza sauti ya nje kwa kidole kimoja. Nilisogea mlangoni nikaona namba ni ya nje, sikuijua ni ya wapi.

"Halo. Hapo iko kwa fundi wa kanzu?" Sauti ya mwanaume, Kiswahili cha Kigali.

"Ndiyo, karibu."

Kisha akasema: "Mama, iko mimi. Ule fundi wa friji."

Mama hakumsalimia. Akaweka kitambaa chini. "Mwanangu yuko wapi?"

Tulisikia honi ya gari upande wake, na mtu anaita abiria kwa lugha nisiyoijua.

"Mama, alitutoka. Sasa iko miezi miwili na wiki moja. Ilikuwa figo. Aliumwa mwaka mzima."

Mama akasema "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun" kwa sauti ndogo sana, akajishusha polepole hadi sakafuni, mgongo kwenye mguu wa cherehani. Nilidhani atapiga kelele. Aliuliza swali moja tu.

"Mlimzika vipi?"

"Niliita watu wa msikiti, Mama. Mimi ni mlokole, lakini yeye hakuacha swala hata siku moja. Wanawake wa pale Lusaka walimwosha, walimvika sanda, walimswalia. Mimi nilisimama nyuma yao."

"Mungu akulipe," Mama akasema. Baada ya hapo akafunika uso kwa ule ule mtandio aliokuwa amejitanda, na simu nikaichukua mimi.

Nilimuuliza shemeji jambo ambalo mtu yeyote wa kazi yangu angeuliza, na natamani ningenyamaza. Nilimuuliza ametupataje.

"Kwa simu ya marehemu," akasema. "Namba za zamani zilikuwa zimekufa zote. Nilituma binamu yangu Biryogo, alikuta mabati na shimo la msingi. Basi dada yako alikuwa anaandika tu kwenye simu. Mguu wa kware, mguu wa kware. Inaleta ndege, shemeji! Mayai, mabanda. Tulikuwa tunacheka. Anasema, iko siku watu wa kwetu watatokea humo. Leo nimechaji simu yake nitoe picha za watoto. Nimeandika tu, sijui kwa nini. Mkono wa Mama ukatokea."

Nikakaa kwenye ngazi na buti zangu mkononi. Hesabu ilijifanya yenyewe kichwani.

Shemeji alikuja Kigali baada ya wiki tano, siku tatu ndani ya basi. Mtu aliyekuwa mwembamba katika kumbukumbu yangu alikuwa mnene, mvi kwenye ndevu, anatembea kama mwenye goti bovu. Watoto wawili aliwaacha kwa jirani kwa sababu ya shule. Mama alimpokea mlangoni, akamshika mikono yote miwili, akaingia naye ndani hajaiachia. Alimpikia pilau. Kila mara alimwambia ale, na yeye alikula hata pale nilipoona ameshiba kabisa.

Usiku wa kwanza alilala mapema kwa uchovu. Asubuhi yake, Mama alipokwenda sokoni, shemeji alinieleza mambo mengi tukiwa mezani. Alinieleza kwamba dada alishona kanzu Lusaka, kwamba hakutaka kurudi bila kwanza kusikia kama Mama atampokea, na kwamba hakujua Baba amefariki. Kisha akasema: "Siku ile alipotoka kwenu, anasema Mama hakuinua uso, lakini machozi yalikuwa yanaanguka kwenye kitambaa. Yeye alikuwa amesimama, aliyaona. Alikuwa anatuambia sisi kila wakati."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimekaa kwenye mkeka nyuma ya Mama. Nilichoona ni mgongo wake.

Alinipa simu ya dada ninakili picha kwa ajili ya Mama. Nilizinakili zote. Kisha nikafungua mahali ambapo simu hutunza kumbukumbu za mambo yaliyotafutwa. Sina cha kujitetea, nilitaka kujua. Zilikuwa nyingi, nikateremka nazo moja moja, kila moja na tarehe yake.

Kanzu mguu wa kware Kigali. Fundi mama wa kanzu Biryogo. Mguu wa kware tarizi. Mshonaji Nyamirambo mguu wa kware. Mguu wa kware mama. Ya mwisho ilikuwa na herufi zilizorukwa, kama mtu aliyeandika amelala chali: mgu wa kwre.

Zile zilizoangukia ndani ya miezi ambayo tovuti ya Mama ilikuwa hewani na mstari wangu ndani yake zilikuwa thelathini na moja. Moja ilikuwa ya siku ya pili ya Idd, siku nne baada ya mimi kuifungua kwa mkono wenye chapati.

Nilimwambia shemeji yote, pale pale mezani. Nilimweleza kuhusu mstari, nikamweleza kuhusu picha ya chaki. Alisikiliza hadi mwisho. Akainuka, akatoka uani, akasimama akilitazama bomba la maji. Aliporudi akaniuliza: "Miezi saba?"

"Saba."

"Yeye alikuwa hai mitano."

"Najua."

Akakaa, akapangusa uso kwa kiganja. "Shemeji, usimwambie Mama. Mimi nimejua, inatosha."

Angekuwa amenitukana ningejua la kufanya. Nilikubali. Akarudi Lusaka siku ya nne, Mama akampa kanzu ya mtoto wa kiume na gauni la wa kike, zote zina mguu wa kware, amezishona kwa kukadiria vimo alivyoonyeshwa na mkono wa baba yao.

Nilinyamaza wiki tatu. Kilichonishinda ni sifa. Mama alianza kuwaambia watu. Akija jirani kumpa pole, anamwambia: "Huyu mwanangu ndiye aliyewapata wajukuu zangu. Kwa kazi yake ya kompyuta. Bila yeye nisingejua hata kaburi liko wapi." Anasema huku amenishika bega. Jirani ananitazama kwa heshima. Siku moja alimwambia mke wa imamu, mbele yangu, kwamba Mungu alimpa binti mmoja wa kupotea na mmoja wa kutafuta. Usiku huo sikuweza kula.

Kesho yake nilimkuta anapima kitambaa cheupe mezani, chaki mkononi.

"Mama, nina neno."

"Sema, mwanangu."

Nilimwambia kwamba tovuti ilikuwa imefichwa kwa mstari mmoja, kwamba aliyeificha ni mimi kwa kusahau, na kwamba dada alikuwa anatafuta muda wote huo. Nilitumia maneno mepesi, sikutaka ajifiche nyuma ya kutoelewa, wala mimi nijifiche. Alielewa mapema kuliko nilivyotaka.

"Mstari mrefu?"

"Mfupi. Maneno machache."

"Uliuandika wewe?"

"Mimi, Mama."

"Na kuuondoa ni kazi ngumu?"

"Haikufika dakika moja."

Alichora mstari wa mkono kwenye kitambaa, polepole, akaumaliza. "Na hao wateja wako, wao huwa unawaondolea?"

"Wote."

"Hujawahi kumsahau hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akaiweka chaki mezani. "Toka kidogo," akasema.

Nilitoka. Sikusikia cherehani ikilia. Ilikaa kimya siku ile na siku mbili zilizofuata, na katika umri wangu wote sikuwahi kuiona cherehani ya Mama ikikaa siku tatu bila msiba wa nyumba. Mume wangu aliuliza kuna nini. Mama akamjibu ni mgongo.

Baada ya hapo aliongea nami, lakini mambo ya nyumbani tu. Maji yamekatika. Mwanao ana kikohozi. Hakuniuliza tena Ijumaa kama kuna aliyeandika. Oda zilizokuja kwenye tovuti nilimwandikia kwenye karatasi nikaziacha karibu na mkasi, na yeye alizishona. Nilimuuliza siku moja kama anataka niifunge. Akasema, "Iache." Sikuthubutu kuuliza kwa nini.

Kazini nikawa mtu wa kuchosha. Nilikagua kila tovuti mara tatu, nikawa nafungua hata zile tulizozimaliza miaka iliyopita, natafuta mstari. Bosi alinisifu kwenye kikao. Mwenzangu yule wa benki peke yake ndiye aliyejua. Alinikuta siku moja chooni nalia na bomba limefunguliwa, nikamwambia yote. Alinishikia miwani yangu nikaosha uso.

Kila nikifikiri, narudi kwenye ile ya pili ya Idd. Alikuwa bado ana nguvu wakati ule, shemeji alisema alikuwa akitembea mwenyewe kwenda kliniki. Angepata namba ya Mama. Wangesikilizana. Pengine angekuja, pengine asingeweza kuja, lakini Mama angemwambia lile ambalo hakumwambia siku ya begi, na mimi ningeisikia sauti ya dada yangu, ambayo siikumbuki tena. Naukumbuka mkono wake kwenye nywele zangu. Sauti hapana.

Wajukuu wanapiga simu Jumapili. Wanaongea Kiingereza na lugha ya kule, na Kiswahili kidogo cha mama yao. Yule wa kike anajifunza mshono, Mama anamwelekeza kwa kamera, anamkaripia, "Siyo hivyo, rudisha nyuma, rudisha!" na mtoto anacheka. Nikipita chumbani wakati huo Mama hanifukuzi, wala haniiti.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa tano tangu nimwambie. Alikuwa ametoka msikitini, amekaa kitandani anavua soksi, nami nimemletea chai. Akaniambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Jana nilikuwa nimekusamehe. Mchana mzima. Nikasema nitamwambia akirudi kazini."

Nilisimama na kikombe.

"Leo nimeamka, sijakusamehe. Nimetafuta moyoni, sikuona." Akaweka soksi moja juu ya nyingine. "Sitaki nikudanganye. Huenda kesho msamaha ukarudi. Huenda ukaja na kuondoka hivyo mpaka nife, sijui."

"Sawa, Mama," nikasema.

"Si kwamba sikupendi."

"Najua."

Akapokea chai, akainusa, akasema tangawizi imezidi. Kulikuwa na shuka kubwa la kitanda limekauka, limerundikwa kwenye kiti. Akaniambia nishike pembe zile mbili za upande wangu. Tukalivuta, tukalikunja, akanisogelea kuchukua pembe zangu, tukalikunja tena.